Gari za Dar kuonekana Hispania
Mkuu, umeuliza kwa nini gari zako za Dar zinaonekana Hispania kwenye ramani: hapo umegeuza latitudo na longitudo tu, Dar ni kama -6.8 na 39.28, ukizigeuza unatua Hispania karibu na mpaka wa Ureno, ndo maana gari zako zinakula bata huko 😂. Na hiyo ya GeoEvent (programu ya ArcGIS inayopokea data za GPS moja kwa moja na kuzipeleka kwenye ramani) kuhesabu data zinazoingia (inputi) halafu zinazotoka (autputi) inabaki 0, usianze kufuta kila kitu, chomeka autputi ya pili inayoandika JSON (data kwa mfumo wa maandishi) kwenye faili, iweke kabla ya filta (kichujio cha data) kisha baada yake, utaona data inafia wapi. Mimi iliwahi kunikwamisha siku mbili kumbe fildi (safu za data) za kwenye definisheni, yaani maelezo ya muundo wa data ndani ya GeoEvent, hazifanani na za leya ya ramani inayopokea data. Na tarehe zikisoma Januari 1970, divaisi (kifaa cha GPS) inatuma muda kwa sekunde badala ya milisekunde, zidisha kwa 1000.