Ameshika Mkanda Wake, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo kocha. Nafanya kazi ya ulinzi hapa Abu Dhabi, na nikitoka zamu naenda kwenye jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukabana na kufungana viungo. Bado mkanda mweupe. Naipenda sana kimura, lile kufuli la kupinda mkono wa mpinzani hadi bega lizidiwe, lakini kila nikimnasa mtu anashika mkanda wake mwenyewe. Navuta hadi mikono inakufa ganzi, kisha ananiponyoka. Mwalimu husema tu, "Kimura ni mfumo." Mfumo gani? – Mlinzi wa Usiku

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwalimu wako yuko sahihi, ila kakubania maelezo.

Wewe unataka bega. Mimi ningekuambia sahau bega kwanza, ung'ang'anie mkamato, yaani jinsi mikono yako miwili inavyoufunga mkono wake. Tuseme umelala chali, umemfunga kiunoni kwa miguu, naye ameweka mkono wa kulia chini. Shika kifundo cha mkono wake huo kwa mkono wako wa kushoto, gumba likae upande mmoja na vidole vingine. Inuka, pitisha mkono wa kulia juu ya bega lake, uzungushe nyuma ya mkono wake, ushike kifundo cha mkono wako mwenyewe wa kushoto. Kiwiko chake kibane kifuani pako. Hewa ikipita hapo, huna kitu.

Sasa ameshika mkanda. Vizuri sana! Mkono ulioshika mkanda hauwezi kuegemea mkeka. Msukume kwa nyonga kuelekea upande huohuo. Ataanguka, nawe utajikuta juu yake, mkamato ukiwa bado mkononi. Akinyoosha mkono ili akwepe, una kiwiko cha kufunga. Akigeuka kukimbia, una mgongo wake. Hapo ndipo mfumo ulipo: kila anapokwenda, ule mkono anauacha kwako.

Mtazame mpiganaji wa Japani, Kazushi Sakuraba, dhidi ya Renzo Gracie wa Brazili, mwaka 2000 nchini Japani. Renzo alikuwa nyuma yake, amemkumbatia kiuno, wote wamesimama. Mtu mwingine angehangaika kuifungua ile mikono. Sakuraba alikamata kimura, akageuka nayo, na kiwiko cha Renzo kikateguka.

Mazoezini, mwombe mwenzako ashike mkanda tangu mwanzo, nawe ujikataze kumalizia kufuli. Badilisha mikao tu bila kuachia. Utachukia siku za kwanza.

Ukifika kumalizia, acha kuvuta kwa misuli ya mikono. Kiwiko chake kikunjwe kama pembe ya meza, kiganja kitolewe mbali na mwili wake, kisha geuza kiwiliwili chako chote, taratibu. Masahiko Kimura, mwanajudo wa Japani ambaye kufuli hili lina jina lake, alimvunja mkono Hélio Gracie wa Brazili pale uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mwaka 1951 kwa sababu Hélio hakukubali kugonga, yaani kupiga kofi kuonyesha ameshindwa. Mwaka 2011, jijini Toronto, mpiganaji Frank Mir alimvunja mpinzani wake Nogueira mfupa wa juu wa mkono kwa kufuli hilohilo. Basi mwenzako akichelewa kugonga, mwachie tu. Wewe una zamu usiku, na yeye pengine ana yake asubuhi.