Kwenu mnaoanza kuweka umeme tumboni kukaza misuli iliyolegea

Leo asubuhi nimemkuta tena mmoja wenu amebandika pedi za kupitishia umeme kwenye tumbo lililolowa jasho, kidole kwenye kitufe, anamuuliza mama wa watu, “Wasikia? Na sasa, wasikia?” huku akipandisha umeme. Nimeizima mashine mwenyewe. Nawapenda, wanangu, lakini hili tumeshalisema.

1. Ngozi kwanza. Maji, sabuni, kausha, ndipo ubandike. Mwezi wa pili mtu akishuka feri ya Likoni anafika kwetu ametota, kwa hiyo mkalisheni chini ya feni kwanza. Pedi iliyokwisha gundi itupwe.

2. Mgonjwa akisema hasikii, rudisha sifuri. Mimi nilipandisha. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa mama wa Mji wa Kale, miezi minne tangu ajifungue kwa upasuaji, tumbo limelegea hata kuinuka kitandani sharti ashikwe mkono. Asubuhi ile mkandaji wake alikuwa amemsugua mafuta ya nazi. Niliyaona yaking’aa, nikayapangusa kwa tishu mara moja tu, nikabandika, pedi mbili za chini karibu na mshono. Nikaweka nguvu ya umeme miliampea 20, akasema, “Dada, huku chini sisikii.” Nikapandisha 30. Hasikii. Kwa 40 tumbo la juu lilikuwa likirukaruka kama samaki, la chini kimya, nami nikaliacha hivyo.

Ngozi ya kandokando ya mshono hufa ganzi kwa miezi. Na pedi moja ilikuwa imebanduka nusu kwa yale mafuta, kwa hiyo umeme uliotakiwa kutandaa pedi nzima ukapita wote kwenye kipande kilichobaki kimeshika. Nilipoinua nikakuta lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi kumi. Hakulia. Aliuliza tu, “Hii ni kawaida?” Nikamwambia si kawaida, ni kosa langu. Wiki tatu nilikwenda kwao kila jioni kumfunga kidonda, na mamake akinifungulia mlango bila kunitazama usoni.

3. Hz 50 (yaani mipigo 50 ya umeme kwa sekunde), kukaza sekunde 5, kupumzika 10, dakika 20 kwa jumla. Naye mgonjwa akaze tumbo mwenyewe pamoja na umeme, asilale akichezea simu.

4. Msimwahidi mtu kwamba kitambi kitatoka. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 uliwaweka watu kwenye mashine siku 5 kwa wiki, wiki 8: nguvu za tumbo ziliongezeka asilimia 58, uzito haukubadilika.

5. Betri ya moyo (kile kifaa cha kuongoza mapigo), mimba, kifafa: ulizeni kabla hata ya kutoa mashine kabatini. Mkojo ukitoka rangi ya chai kavu baadaye, hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama alirudi kidonda kilipopona. Safari hii nilimwambia afumbe macho, nikamgusa kwa pamba, kisha kwa kijiti cha meno, anitajie ni kipi. Upana wa vidole vitatu juu ya mshono alikosa vyote viwili. Pamba na vijiti viko droo ya juu, kushoto.