Re: Daktari kamuona mama dakika tatu tu, ndiyo katibiwa?

Waalaikum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama mama yako wa presha, aliyeonwa dakika tatu tu, katibiwa kweli. Usianzie kwenye saa. Angalia kwanza: alipimwa baada ya kukaa na kutulia kama dakika tano, au alipimwa huku bado anahema? Aliulizwa dawa nyengine anazokunywa? Kaambiwa arudi lini? Kama hayo hayakufanyika, basi haki unayo ya kulalamika.

Na si kwetu tu. Utafiti wa nchi 67 uliotoka 2017 kwenye jarida la BMJ Open ulikuta daktari humuona mgonjwa kwa wastani wa sekunde 48 Bangladesh, na dakika 22 na nusu Sweden.

Mimi nikimpeleka bibi yangu, dawa zake zote natia mkobani, na za miti shamba zimo (wazee huzificha hizo!). Jambo kubwa tunalisema mwanzo, si wakati tushainuka kuondoka. Dawa mpya naulizia ni ya nini na inywewe vipi, hata foleni ya nje ikinung'unika.

Ila mama yako akibanwa na kifua au akilegea upande mmoja, usingoje tarehe ya kliniki. Mkimbize hospitali hapo hapo.