Bundi wa Pemba na spika ya mtembeza wageni

Swali: Natembeza wageni Msitu wa Ngezi, hapa Pemba. Zamani nikipiga mlio wa bundi wa Pemba kwa spika ndogo, anafika mara moja, karibu juu ya vichwa vyetu. Siku hizi napiga pale pale hata nusu saa, kimya. Nitafute rikodi safi zaidi au ninunue spika kubwa? (Mtembeza wageni, Konde)

Jibu: Usifanye lolote kati ya hayo, ndugu yangu. Rikodi yako haina kasoro. Kosa ni kudhani kwamba bundi akija ameitika. Hajaitika, amekuja kupigana.

Bundi hulinda eneo lake kwa sauti. Akisikia mwenzake analia karibu na tundu lake, huacha kuwinda, humwacha jike, huruka tawi hadi tawi akimtafuta mvamizi asiyekuwepo. Ile noti yake fupi anayoirudia mkiwa mnammulika, wageni wakifurahi, ni onyo. Mfanyie hivyo usiku baada ya usiku, atazoea sauti na kuipuuza, au atahama. Kimya unachokisikia ndicho hicho, na spika kubwa itawasumbua na majirani zake.

Tena ndege huyu duniani kote anaishi Pemba tu, kama ndege wenzake, ninga wa Pemba na chozi wa Pemba. Akitoweka hapa, hakuna kwa kumfuata.

Pahala hapo pape mapumziko. Jua likizama kaeni kimya pembezoni mwa msitu, msikilize wanaolia wenyewe. Bundi huyu anaishi pia kwenye mikarafuu iliyoshona majani, kwa hiyo huna sababu ya kuwaganda bundi wawili wale wale. Akisikika, sogeeni taratibu, tochi ifungwe nailoni nyekundu na isimpige machoni. Dakika chache, kisha ondokeni.

Kinachonikera ni wanaowauzia vijana memori kadi zilizojaa milio, wakiwaahidi kuwa mgeni atamwona bundi bila kungoja. Kitakachompata ndege mwezi ujao hawakisemi. Ni tabia ile ile ya mtu kupiga makofi chini ya miti ya Kidike, hapa hapa Pemba, wanakolala popo wakubwa, ili waruke mchana, mgeni apate picha. Popo wale walikaribia kumalizwa na wawindaji mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanavijiji walipoanza kuwalinda ndipo wakaongezeka tena. Mchana wanapumzika, na mama hubeba mwanawe kifuani: akishtuka akaruka, mtoto anaweza kuanguka. Kule Unguja, msitu wa Jozani, ni kumpa ndizi mbivu kima punju, ambaye tumbo lake ni la majani na matunda mabichi, na mafua yetu yanaweza kumwambukiza.

Siku hizi mgeni mwenyewe anakuja na milio kwenye simu. Mwambie mkiwa bado getini kwamba simu itabaki mfukoni. Ukingoja hadi bundi alie, umechelewa, mgeni ameshaibonyeza.