Maswali ya Wasomaji: Wanafunzi Wanapokwenda Roma

SWALI: Ndugu wahariri, binti yangu ana miaka 16. Shule yao inapeleka wanafunzi 18 na walimu wawili Italia kwa siku nane mwezi wa sita, kutazama Roma ya kale na magofu ya mji wa Pompeii. Tumeambiwa viza itaombwa "kwa kundi" na kwamba sisi wazazi kazi yetu ni kuchanga tu. Kweli hatuna la kufanya? *Mama S., Moshi*

JIBU: Mama S., lipo, tena kubwa. Kundi linapanda ndege moja na kulala hoteli moja, lakini viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi kadhaa za Ulaya, Italia ikiwamo, hutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Kila mwanafunzi ana fomu yake na picha yake ya milimita 35 kwa 45, na inambidi afike mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, isipokuwa kama zilishachukuliwa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita. Karatasi za mmoja zikiwa na kasoro, wenzake wataondoka na yeye atabaki.

Anza na pasipoti. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uzidi tarehe ya kutoka Ulaya kwa miezi mitatu au zaidi. Kisha iweke mezani pamoja na cheti cha kuzaliwa na barua ya shule, uyasome majina herufi kwa herufi. Cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Shule imeandika Khadija, pasipoti inasema Hadija. Wewe unamjua mwanao, lakini ofisa wa viza anaona watu wawili. Jina la kwenye pasipoti ndilo litumike kila mahali: tiketi ya ndege, bima, orodha ya shule, hata tiketi za kuingilia kwenye magofu. Kama cheti hakilingani nalo, nenda kwa wakili mapema mkaandike hati ya kiapo.

Kwa kuwa hajafika miaka 18, itahitajika barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi wote wawili na kugongwa muhuri wa wakili. Itaje mwalimu atakayekuwa naye, tarehe za kwenda na kurudi, na namba zenu za simu. Mzazi mmoja akiwa amefariki, ambatisha cheti cha kifo. Kama mmeachana, ambatisha amri ya mahakama inayoonyesha nani analea. Barua yenyewe ibaki kwa mwalimu, mtoto abebe nakala.

Bima isipungue euro 30,000, ilipie matibabu ya dharura na gharama za kumrudisha mgonjwa nyumbani, na itumike nchi zote za Schengen. Hesabu siku kwa kalenda. Ndege ya kurudi ikiondoka Roma saa sita na nusu usiku, hiyo ni siku ya tisa, na bima ya siku nane haiifikii.

Kuhusu mchango, uliza swali moja kabla hujalipa. Ada ya viza ni euro 90 kuanzia miaka 12, lakini kanuni za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi wanaosafiri kwa masomo pamoja na walimu wanaowasindikiza. Ndiyo maana barua ya shule iseme wazi kwamba hii ni ziara ya mafunzo, ikiwa na ratiba ya kila siku. Barua ikisema "matembezi", mmejinyima wenyewe. Gharama ya kituo kinachopokea maombi ni jambo jingine, nayo huenda mkatozwa.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45. Kwa safari ya Juni, pelekeni mwezi wa tatu.

SWALI: Asalaam aleikum. Nina miaka 17, kikundi chetu kinakwenda Roma siku nne na Pompeii siku moja. Ratiba ina sehemu 14. Tutaziweza? Tuvae nini, na sisi Waislamu tutakula nini? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waaleikum salaam. Miguu yenu itaziweza, macho hayataona kitu. Mwombeni mwalimu apunguze zibaki sita au saba.

Colosseum, uwanja wa michezo uliofunguliwa na Kaisari Tito mwaka 80 baada ya Kristo, pamoja na Forum, uliokuwa uwanja mkuu wa mji wa kale, na kilima cha Palatino ni nusu siku nzima. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, lakini lazima nafasi ikatwe mapema, kwa jina na kwa saa. Mkichelewa, nafasi inaweza kuwapotea.

Ndani ya Forum, simameni mbele ya tao la Septimius Severus la mwaka 203. Kaisari huyu alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Tazameni juu kwenye maandishi, mstari wa nne. Jiwe hapo limechongwa upya, na vitundu vya herufi za shaba za zamani bado vinaonekana. Palikuwa na jina la mwanawe Geta. Kaka yake Caracalla alimuua, kisha akaamuru jina lifutwe. Dakika 10 mahali hapo zina faida kuliko kupita mbiombio mbele ya makanisa matatu.

Pantheon, hekalu la kale lenye kuba, nayo ipeni muda. Kutoka sakafuni hadi kileleni ni mita 43.3, na upana wa kuba ni huohuo. Katikati pana tundu la karibu mita tisa lisilo na kioo, mvua huingia. Inamisheni macho: sakafu imebinuka kidogo na ina vitundu 22 vya kupitishia maji.

Vatican ni nchi nyingine, na makumbusho yake hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Mabega na magoti yafunikwe. Leso moja ndani ya mkoba inatosha. Katika kanisa dogo la Sistine, ndani ya makumbusho hayo, hairuhusiwi kupiga picha.

Pompeii, kutoka Napoli pandeni treni ya Circumvesuviana mshuke kituo cha Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Kuna kituo kingine kinachoitwa Pompei tu. Wengi hujikuta huko. Mkoba usizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Vivuli ni haba, kwa hiyo vaeni kofia na raba zilizokwisha kuzoea miguu, kwani raba mpya juu ya mawe yale ni malengelenge.

Maji msinunue. Roma imejaa mabomba ya mtaani yaitwayo nasoni, na maji yake ni safi. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka juu kupitia kitundu kilicho mgongoni mwake.

Chakula: tambi za carbonara na amatriciana hupikwa kwa nyama ya nguruwe. Pizza margherita na cacio e pepe, tambi za jibini na pilipili manga, hazina nyama. Semeni "senza maiale", yaani bila nguruwe, na mwulize pia kama unga umechanganywa na strutto, mafuta ya nguruwe.

SWALI: Mtoto akipotea au pasipoti ikiibwa? *Mwalimu, Dodoma*

JIBU: Mwalimu, wekeni kanuni moja kwa treni ya chini ya ardhi: aliyeachwa kituoni hasogei, aliyechukuliwa na treni peke yake anashuka kituo kinachofuata na kusubiri. Kila mmoja awe na karatasi yenye anwani ya hoteli na simu yako. Dharura ni 112.

Wezi wa mifukoni wanapenda basi namba 64 na Termini, kituo kikuu cha treni cha Roma, hivyo mikoba ikae kifuani. Pasipoti ikipotea, ripoti polisi upewe karatasi yao, kisha nenda ubalozi wa Tanzania, uko Roma. Nakala ya pasipoti huokoa siku nzima.

Uwanja wa ndege, tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua picha ya uso wakati wa kuingia, na alama za vidole za mwenye viza hulinganishwa na zile alizotoa alipoiomba, na hapo kila mtoto anasimama peke yake. Wafundishe wote kujibu: tunakaa wapi, siku ngapi, nani mwalimu wetu.

Plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi za Italia. Adapta moja na ekstensheni ya nyumbani vitachaji simu za chumba kizima.