Miaka 51, shahada ya uzamili, mradi umefungwa: majibu yangu kwa dada aliyeuliza

Dada yangu, umeuliza uanzie wapi: una miaka 51, una uzamili, mradi wa VVU uliokuajiri umefungwa baada ya fedha za Marekani kukatwa 2025, na kila tangazo la kazi serikalini hapa Tanzania unalofungua limeandika "umri usiozidi miaka 45". Nimepita humo humo. Nilikuwa ofisa ufuatiliaji na tathmini, mradi wetu ukaisha kabla ya wenu.

Hilo sharti la 45 linatuumiza sisi kuliko wanaume wa rika letu. Wengi wetu tulimaliza shahada ya kwanza, tukaolewa, tukalea, uzamili tukaja kuupata tumeshavuka arobaini. Wenzetu wa kiume wakati huo walishakaa kwenye ajira za kudumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa umri, lakini asiyekuita kwenye usaili hakuandikii sababu. Mahali pamoja nilipoitwa, swali zito lilikuwa kama nitaweza kupokea maelekezo kutoka kwa kijana. Nikasema ndiyo, nimefanya hivyo miaka mingi. Hawakupiga simu.

Kilichonitoa ni kuacha kutafuta cheo nikaanza kuuza kazi yenyewe, kwa malipo ya siku. Shirika moja dogo takwimu zao za kliniki ya wajawazito zilikuwa hazikai sawa. Vijana wao ni hodari kwenye kompyuta, nawaheshimu. Mimi niliomba kwenda kuona vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, vituoni. Kituo kimoja muuguzi alikuwa peke yake siku za kliniki: anahudumia kwanza, vitabu anajaza jioni amechoka, na mahudhurio ya marudio yalikuwa yanaingia kwenye safu ya hudhurio la kwanza. Ukiwa mjini mbele ya DHIS2, mfumo wa kompyuta zinakoingizwa takwimu hizo, hilo hulioni. Wakanilipa vizuri, kisha wakanitaja kwa wenzao, na kazi nyingi nilizopata baadaye zimetokea huko.

Kwa hiyo usiufiche uzamili wako kwenye CV kama wengine walivyokushauri. Kazi za ushauri elekezi mara nyingi huudai kama sifa ya lazima. Ila ukurasa wa kwanza uoneshe matatizo uliyoyatatua, vyeti vifuate.

Na usiache haki zako. Kama ulichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miezi 18 au zaidi na hukuacha kazi mwenyewe, lipo fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa waliotimiza mwaka mmoja kazini au zaidi, kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, kwa hiyo angalia tarehe ya barua yako leo.

Ndugu watakuambia upumzike, watoto wamekua. Wanakupenda, lakini pensheni ya NSSF inadai miezi 180 ya michango. Hesabu ya kwako imefika ngapi? Kama bado, uliza ofisi yao kuhusu kuchangia kwa hiari, hata kidogo kidogo kutoka kwenye hizo kazi za siku.