Presha ya mzee: mpime akiwa amekaa, kisha mpime akiwa amesimama

"Bibi ana miaka 80 na ushee, presha ya nini tena?" Kauli hii imewanyima wazee wengi dawa. Jibu lake lilitoka mwaka 2008, kwenye jaribio la HYVET lililohusisha watu 3,845 wenye miaka 80 na zaidi. Waliopewa dawa ya presha iitwayo indapamide, wakiongezewa nyingine, perindopril, ilipobidi, walipungukiwa vifo kwa asilimia 21 kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Lengo la presha halikuwa kali: 150/80, yaani namba ya juu 150 na ya chini 80. Nalo jaribio liliwachukua wazee wenye afya kiasi. Kwa mzee aliyedhoofu sana, lengo hupangwa na daktari wake.

Kazi ya nyumbani ni kupata namba za kweli. Tumia mashine ya kuvalishwa mkononi juu ya kiwiko. Ya kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Zungushia futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda wa mashine. Mikanda mingi ya kawaida ni 22–32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkanda mpana kwenye mkono uliokonda huishusha, na hapo mzee mwenye presha huambiwa yuko salama.

Aende haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla asinywe kahawa, asivute sigara wala asitumie ugoro. Akae dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, nyayo chini, mkono juu ya meza, mkanda usawa wa moyo. Ukingo wa kitanda haufai, miguu inaning'inia. Wala watoto wasiingie na shikamoo zao wakati mashine inajaza upepo, maana ataitikia marahaba na kuulizia shule, na maongezi hupandisha presha.

Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza usiihesabu. Wastani wa 135/85 au zaidi upelekwe kliniki pamoja na daftari.

Kipimo kinachosahaulika ni cha kusimama. Mlaze dakika 5, umpime. Asimame, umpime tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mwili wake haumudu kuinuka, naye ndiye anayeanguka usiku akienda chooni na kuvunjika nyonga. Simama karibu yake unapompima. Akiona giza, mketishe mara moja.

Chanzo cha kushuka huko mara nyingi kimo kwenye mfuko wa dawa: vidonge vya kukojoza, vya tezi dume kama tamsulosin, au dawa mbili zenye kazi moja zilizoandikwa na madaktari wawili. Kuhara na kunywa maji kidogo huzidisha, na kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu inayodhibiti presha. Kuikatiza dawa ghafla ni kosa jingine, presha hurudi juu. Beba mfuko wote kliniki, pamoja na dawa za asili.

Wakati mnasubiri siku ya kliniki, akiamka akae kitandani dakika 2 akichezesha vifundo vya miguu, ndipo asimame. Taa iwe jirani. Ndoo ya kukojolea usiku si aibu.